Mbuzi katoroka Kiwalani, mchicha wa jirani umeliwa: Nani alipe?

Na Mwandishi Wetu

Siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, Kiwalani, jijini Dar es Salaam, hupokea wageni wenye kwato. Wanakuja kwa bodaboda, mbuzi kalazwa katikati ya dereva na mnunuzi, miguu imefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi, kichwa kinaning'inia kikitazama lami ya Bombom. Akifika anafunguliwa, anamwagiwa maganda ya ndizi ambayo hata hayanusi, kisha anafungwa kwa kamba ya manila kwenye nguzo ya tenki la maji.

Usiku kucha analia. Watoto wanafurahi, wapangaji wanaguna. Alfajiri, wa kwanza kutoka kuchota maji anakuta kamba ipo, kitanzi kipo, mbuzi hayupo.

Mara nyingi hupatikana kabla jua halijachoma, nyuma ya nyumba ya nne au ya tano, akiwa amesimama katikati ya tuta la mchicha wa mtu. Pembeni yake amesimama mwenye tuta, mama mwenye jembe mkononi, na hapigi kelele. Anayesema taratibu asubuhi kama hiyo ndiye wa kuogopwa.

Kesi za namna hii hazifiki polisi wala gazetini. Zinaishia barazani kwa mjumbe, pengine kwa mwenyekiti wa mtaa. Lakini zinabeba maswali ambayo jiji la watu 5,383,728, kwa hesabu ya Sensa ya 2022, halijayamaliza: nani anaruhusiwa kufuga mjini, nani anawajibika mnyama akivuka ukuta, na aliyemkamata ana haki gani juu yake.

Mifugo ilikuwepo, sheria ikafuata

Kuna watu, hasa waliohamia juzi kwenye nyumba za ghorofa, wanaodhani mifugo Dar es Salaam ni ushamba uliopanda basi ukashukia Ubungo. Historia haisemi hivyo.

Mwaka 1972 TANU ilipitisha Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo. Miaka miwili baadaye ukame ukaleta kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na kila kiwanja cha wazi mjini kikapandwa mahindi. Ilipofika miaka ya 1980 mshahara ulikuwa hauvuki nusu ya mwezi, na Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ikawa inawasaka mjini wasio na kazi ya kueleweka. Ndipo lilipozuka lile neno ambalo kila mtumishi alilijua: mradi. Kuku wa mayai gereji, ng'ombe wa maziwa uani, maziwa yanauzwa ofisini kwa chupa za konyagi zilizooshwa.

Mtafiti Malongo Mlozi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, aliyeandika sana juu ya ufugaji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1990, alionyesha kuwa miongoni mwa wenye ng'ombe hao walikuwamo watu wa elimu na vyeo. Hapo msomaji anaweza kujijibu mwenyewe kwa nini sheria ndogo za jiji hazikuwa na meno. Ni nani angetuma mgambo wakamate ng'ombe wa bosi wake?

Kanuni za kilimo cha mjini zilizotolewa 1992 chini ya sheria ya mipango miji ziliweka mipaka: mtu mmoja asifuge mjini ng'ombe zaidi ya wanne, wafungiwe na kulishwa bandani, na shamba la mjini lisizidi ekari tatu. Zinasomeka kama kanuni zilizoandikwa na mtu anayetazama bustani ya Oysterbay kupitia dirishani. Kwa Kiwalani, ambako nyumba zilitangulia na ramani ikafuata, ekari tatu ni mtaa mzima wenye msikiti, saluni na vibanda vya chipsi.

Ng'ombe wanne wa Kiwalani wangelala wapi? Mfugaji wa huku ana mbuzi watatu, kuku wa kienyeji wasiohesabika, bata wawili watatu, na mwenye uwezo ana ng'ombe mmoja. Banda lake limebanwa kati ya choo na ukuta wa jirani, na kwa kawaida ukuta huo ni wa mabati yaliyokwishatumika kwingine.

Mradi wa uboreshaji wa jiji, maarufu kama DMDP, ulileta lami na mitaro ya zege katika mitaa ya Kiwalani. Ni neema kubwa kwa aliyezoea kuvua viatu kila masika. Kwa mbuzi, neema hiyo ina sura ya pili: barabara sasa ina mwendo kasi, na mtaro wa zege ukimmeza mnyama hana pa kupandia.

> Kanuni za 1992 ziliruhusu ng'ombe wanne kwa mtu mmoja. Kwa Kiwalani, ambako banda linagusa choo na choo kinagusa ukuta wa jirani, wanne hao wangelala wapi?

Mbuzi hatoroki bure

Mwenye mnyama aliyetoroka kwa kawaida hulaumu kamba. Wafugaji wazoefu hutazama kwanza mnyama.

Mbuzi wa Idi anatoroka kwa sababu hana kwao. Amezaliwa pengine Dodoma au Singida, akapandishwa lori mpaka mnada wa Pugu, akanunuliwa, akauzwa tena kando ya barabara, na usiku wa jana amelala mahali ambapo hajui harufu hata moja. Ametenganishwa na wenzake, na mbuzi ni mnyama wa kundi. Mbuzi aliyezaliwa uani ukimwachia mlango atazurura mchana kutwa na jioni atarudi mwenyewe kwenye pumba zake. Huyu wa siku tatu akitoka hana pa kurudi, ndiyo maana hukimbia mbali na ndiyo maana hukamatika kwa shida.

Ng'ombe jike ana sababu nyingine. Kila baada ya siku 21 hivi anaingia kwenye joto, na siku hiyo komeo la mti halimzuii. Nguruwe jike naye mzunguko wake ni huohuo. Mfugaji anayeandika tarehe nyuma ya mlango wa banda anajua siku ya kuongeza mnyororo; asiyeandika anashangaa kila mwezi.

Halafu kuna njaa ya kawaida. Kuanzia Julai, mvua za masika zikiwa zimesahaulika na za vuli hazijaanza, majani ya bonde la Msimbazi yanakuwa machache na mafungu yanayouzwa yanakonda. Mfugaji anabaki na pumba, mashudu na maganda kutoka masokoni. Mnyama mwenye njaa huegemea mabati usiku mzima mpaka msumari mmoja ukubali.

Kuna wanaowaachia kwa makusudi. Hawa wasitajwe pamoja na waliokatikiwa kamba. Asubuhi mlango unafunguliwa, mbuzi wanatawanyika kwenda jalalani na mbele ya migahawa ya mama lishe, na mwenyewe anakunywa chai kwa amani kwa kuwa mtaa unamlishia. Akija kuambiwa kuna mali imeharibiwa, anashika kichwa kama aliyefiwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, lakini jalalani bado kuna vifungashio vya kutosha kujaza tumbo la mnyama mpaka akakonda huku anakula. Anayedhani jalala ni malisho ya bure huja kulipia wakati wa kuchinja.

Kumkamata bila kumfukuza

Jambo la kwanza ambalo mtaa hufanya ni kosa: vijana kumi wanakimbia nyuma ya mbuzi mmoja wakipiga miluzi. Mbuzi aliyekuwa kwenye mchicha sasa yuko Barabara ya Nyerere.

Waliozoea hufanya kinyume. Mtu mmoja, na awe yule anayemlisha kila siku kama yupo, anachukua ndoo yenye pumba kidogo na kuitikisa. Watoto wanaambiwa wakae. Mbwa anafungwa. Kama kuna mbuzi mwingine nyumbani, analetwa kwa kamba na kufungwa pale karibu. Mtoro akimwona mwenzake ametulia, nusu ya kazi imekwisha.

Vichochoro vya Kiwalani, vinavyolaumiwa kila nyumba inapoungua moto kwa kuwa gari la zimamoto halipiti, hapa vinasaidia. Watu wawili wanatandaza kanga, kila mmoja ameshika pindo lake, wanasogea polepole kama pazia linalotembea. Kanga ingepasuka kwa pembe moja tu, lakini mbuzi hajui hilo. Anachoona ni ukuta, na anageuka kuelekea kwenye upenyo alioachiwa, ambako ndoo ya pumba inamngoja.

Kwa ng'ombe mambo ni mazito zaidi. Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, na anayemtokea huko nyuma ghafla anapokea teke. Anasogezwa kutoka ubavuni, karibu na bega, kwa hatua ndogo, na akisogea unasimama ili ajue amefanya lililotakiwa. Dume lililochanganyikiwa haliguswi; linaachiwa nafasi, watu wanaingia ndani, na wenye kazi hiyo wanaitwa.

Mawe, maji ya moto na panga ndivyo vinavyogeuza hasara ndogo kuwa kesi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, na Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mkosaji anayeua au kujeruhi mnyama wa mtu kwa makusudi bila haki. Mwenye mchicha aliyekuwa anadai anaweza kujikuta anadaiwa, tena mguu wa mbuzi una bei kuliko tuta.

Hesabu ya tuta

Mbuzi amerudi, amefungwa kwa mnyororo. Sasa ndiyo kesi inaanza.

Kwanza ni nani anakwenda kwa nani. Mwenye mnyama ndiye anayepiga hodi, na kama ni kijana anakwenda na mtu mzima. Anaanza na salamu, shikamoo kwa mkubwa, habari za watoto, habari za asubuhi, na hataji mbuzi mpaka akaribishwe kiti. Aliyekaa kwake akasubiri kuitwa kwa mjumbe ameshaharibu, hata kama hasara ni ya mashina kumi.

Pili ni thamani. Mchicha huchukua wiki tatu hadi nne toka mbegu mpaka sokoni, kwa maji ya ndoo asubuhi na jioni. Mwenye tuta anahesabu mafungu ambayo angeuza na kuzidisha kwa bei ya sokoni. Mwenye mbuzi anahesabu bei ya jumla ya shambani, ile ambayo wachuuzi hununulia tuta zima likiwa bado ardhini. Bei hizo mbili zina mwanya mkubwa, na ndani ya mwanya huo ndimo mjumbe anapofanyia kazi yake.

Mtaalamu wa mchicha atauliza swali la tatu: ni mnyama gani aliyekula? Mbuzi hukwanyua majani na ncha, akaacha mashina. Tuta likimwagiliwa na kutiwa mbolea linaweza kuchipua, kwa hiyo hasara haijafika mwisho. Kondoo anashuka chini zaidi. Kuku ndiye mharibifu wa kweli, maana anaparua tuta lililosiwa jana, anakula mbegu na kufukua zilizobaki, na haachi alama ya meno ambayo mtu anaweza kuonyesha. Ajabu ni kwamba mtaani kuku husamehewa na mbuzi hushitakiwa. Nadhani ni ukubwa tu wa mwili: aibu ya kumpeleka mtu kwa mjumbe kwa ajili ya kuku ni kubwa kuliko hasara yenyewe.

Malipo mengi hayawi ya fedha taslimu. Gunia la samadi, lita kadhaa za maziwa, siku mbili za kumwagilia, au ahadi ya nyama siku ya Idi. Samadi ndiyo nzuri kuliko zote, kwa kuwa mwenye tuta alikuwa ainunue.

> Mwenye tuta anahesabu kwa bei ya sokoni, mwenye mbuzi kwa bei ya shambani. Mwanya kati ya bei hizo mbili ndio kazi ya mjumbe.

Daudi, Sulaimani na usiku wa mbuzi

Kesi hii ni ya zamani kuliko jiji. Qurani, katika Sura ya Al-Anbiyaa, inataja mbuzi na kondoo wa watu walioingia usiku katika shamba la wengine, na hukumu iliyotolewa na Nabii Daudi na mwanawe Sulaimani. Wafasiri wanasimulia kuwa Daudi aliona mwenye shamba apewe wanyama kwa kuwa thamani ya hasara ililingana nao. Sulaimani akaona vingine: mwenye shamba achukue wanyama kwa muda, atumie maziwa na sufu, na mwenye wanyama alitunze shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe chake.

Mzee wa Kiwalani anayeamua samadi na siku mbili za kumwagilia anafuata njia hiyohiyo, ajue asijue.

Katika fiqhi ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, kuna kanuni iliyojengwa juu ya hadithi ya ngamia wa Baraa bin Azib: mchana mwenye bustani ndiye anayelinda bustani yake, usiku mwenye mnyama ndiye anayelinda mnyama wake. Wafuasi wa Abu Hanifa hawakubaliani na mgawanyo huo. Kwa mtaa wa mjini una mantiki ya kuvutia, ingawa mama mwenye tuta, ambaye mchana yuko sokoni akiuza, angekuwa na la kusema.

Biblia nayo, katika Kutoka sura ya 22, inamtaka aliyeachia mnyama wake akala shamba la mwingine alipe kwa kilicho bora cha shamba lake. Sura inayofuata inaongeza jambo gumu zaidi: ukimkuta ng'ombe au punda wa adui yako amepotea, mrudishie.

Sheria ya nchi imepita njia nyingine ikafika karibu na hapo. Tanzania ilipokea sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na katika sheria hiyo mwenye mifugo iliyoingia shamba la mtu huwajibika kwa hasara hata kama hakuzembea. Kusema kamba ilikuwa mpya si utetezi. Mwenye madai anaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo. Wachache huenda, kwa sababu nauli na siku za kuhudhuria humeza mchicha wote.

Aliyemkamata naye ana wajibu

Hapa ndipo mtaa unapokosea zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu. Mtu akimkuta mbuzi uani kwake humfunga na kukaa naye, anangoja mwenyewe ajitokeze. Siku ya kwanza huo ni wema. Siku ya tatu, bila taarifa kwa mjumbe wala ofisi ya mtaa, wema umeanza kunuka. Siku ya tano mbuzi yuko kwenye sufuria, na anayeulizwa anasema alidhani hana mwenyewe.

Mbuzi ana mwenyewe. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu kinauweka wizi wa mifugo, mbuzi akiwamo, kwenye adhabu inayoweza kufika miaka 15 jela. Katika fiqhi pia, mbuzi aliyeokotwa ni kiokotwa cha kutangazwa, na mwenyewe akitokea ana haki ya mali yake au thamani yake.

Uingereza waliliandika jambo hili wazi katika Sheria ya Wanyama ya 1971. Anayemzuia mnyama aliyeingia kwake lazima ampe chakula na maji. Haki yake ya kumzuia inaisha baada ya saa 48 kama hajatoa taarifa polisi, na kwa mwenyewe akijulikana. Baada ya siku 14 anaweza kumuuza sokoni au mnadani, akachukua gharama na fidia yake, na kinachozidi ni cha mwenye mnyama. Saa, siku, na hesabu. Mtaa wa Kiwalani ungeweza kukubaliana hata leo jambo la aina hiyo kwenye mkutano wa wakazi, bila kungoja Bunge. Tangazo lingepita kwenye kipaza sauti cha msikiti, kanisani Jumapili na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, ambako sasa hivi hutangazwa watoto, vitambulisho na funguo.

Kuna sababu nyingine ya kutochinja mnyama usiyemjua. Katika mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa 2007, watu zaidi ya 300 waliripotiwa kuugua nchini na zaidi ya 140 kati yao walifariki. Ugonjwa huo huambukiza kupitia mbu, lakini pia kwa kushika damu na viungo vya mnyama aliyeugua. Mnyama anayezurura peke yake, mnyonge, hakimbii akifuatwa, huenda hajatoroka popote. Huenda kuna mtu aliyemwacha.

Anapovuka mpaka

Utaratibu wa barazani unafanya kazi kwa sharti moja, kwamba watu wanajuana. Mbuzi akitoka Kiwalani akavuka kuingia Yombo Vituka, ametoka Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa Manispaa ya Ilala mpaka 2021, akaingia Manispaa ya Temeke. Mwenyekiti mwingine, mtendaji mwingine, mgambo wengine. Kwa mbuzi ni uchochoro mmoja tu.

Na wako wanyama wasio na jirani kabisa. Upande wa pili wa Barabara ya Nyerere kuna machinjio ya Vingunguti, ambayo Rais John Magufuli aliyatembelea kwa kushtukiza Septemba 2019 na kuagiza mapya yajengwe haraka. Shirika la Nyumba la Taifa likapewa kazi. Ng'ombe wa Vingunguti hutoka mnada wa Pugu. Anayeswagwa kwa miguu, au anayeruka kutoka kwenye lori wakati wa kushusha, hana mtu anayemjua kwa jina wala anayeweza kumwita kwa ndoo. Mwenye mali yuko kwenye simu, mswagaji ni kibarua wa siku, na gari lililogongwa liko katikati ya barabara likiwa na kioo kilichopasuka. Kesi hii mjumbe haiwezi. Hata Uingereza kwenyewe, mpaka sheria hiyo ya 1971, mwenye mnyama aliyezurura hadi barabarani hakuwa na wajibu kwa dereva. Kanuni hiyo ilitokana na enzi za mikokoteni na mashamba yasiyo na uzio. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, ilizungushiwa uzio kwa sababu treni ya kasi haiwezi kubishana na ng'ombe.

Mnyama akivuka mpaka wa nchi, baraza halipo tena. Oktoba 2017 Tanzania ilipiga mnada zaidi ya ng'ombe 1,300 wa wafugaji wa Kajiado, Kenya, waliokamatwa mkoani Kilimanjaro wakitafuta malisho, na Rais Magufuli akasema nchi yake si eneo la kuchungia ng'ombe wa jirani. Nairobi ililalamika. Ng'ombe hawakurudi. Na ndani ya nchi yetu, Desemba 8, 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji Kilosa uliishia Rudewa Mbuyuni kwa watu 38 kuuawa. Kilosa si Kiwalani, na mbuzi wa Idi hawezi kuwasha moto wa namna ile. Lakini huko nako kulikuwa na mnyama ndani ya shamba na mtu aliyemzuia.

> Mbuzi akivuka uchochoro kuingia Yombo Vituka, amebadilisha halmashauri, mwenyekiti, mtendaji na mgambo.

Hereni na hofu ya daftari

Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ipo tangu 2010. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambapo mnyama aliyechanjwa huvishwa hereni sikioni. Kwa mfugaji wa Simiyu mwenye ng'ombe mia, faida inaonekana. Kwa mwenye mbuzi watatu nyuma ya choo Kiwalani, hereni ingekuwa dawa ya swali la kwanza kabisa la kila kesi: huyu ni wa nani?

Lakini mfugaji wa mjini anaogopa kuandikwa. Anajua kuwa daftari la leo la kutambua linaweza kuwa daftari la kesho la ushuru, na keshokutwa la operesheni ya kuondoa mifugo. Hofu hiyo si ya kijinga. Anayejiandikisha mbuzi wake watatu anakiri maandishini kwamba anafuga mahali ambapo pengine hakupaswa kufuga, na banda lake halina kibali.

Upande wa pili, jirani asiyefuga anauliza haki yake iko wapi. Anavumilia harufu, nzi na kelele za usiku, na tuta lake ndilo linalolipia kamba ya mwenzake. Hampendi wala kumchukia mbuzi. Anataka kujua tu pa kupeleka malalamiko zaidi ya kwa mjumbe ambaye naye, nyuma ya nyumba yake, ana mbuzi wawili.

Kati ya pande hizo mbili, lililo karibu kutekelezeka ni dogo: alama ya rangi au kibandiko chenye namba ya simu shingoni. Wenye kuku wamekuwa wakifunga uzi wa rangi mguuni miaka yote bila kuulizwa na serikali. Mbuzi wa Idi mwenye namba ya simu shingoni atarudi siku hiyohiyo, hata akifika Yombo.

Yule ambaye hana anayemtaja

Amebaki mmoja ambaye habari zake husemwa kwa sauti ya chini. Nguruwe wanafugwa katika mitaa mingi ya pembezoni mwa Dar es Salaam, na soko la kitimoto halijawahi kulala. Nguruwe akitoroka katika mtaa wenye msikiti karibu, mwenyewe haendi kupiga hodi. Anangoja giza, au anamtuma kijana. Majirani wanamwona wanampisha, na kila mmoja anajifanya hajui ni wa nani, ingawa mtaa mzima unajua. Heshima ya ujirani, wakati mwingine, ni kutouliza.

Tatizo ni kwamba kimya hicho kinafaa ugonjwa. Homa ya nguruwe ya Kiafrika haina tiba, na imewahi kuzuka Dar es Salaam zaidi ya mara moja. Nguruwe anayezurura akila makombo jalalani ni miongoni mwa njia zake za kuhama kutoka banda moja hadi jingine. Kwa hiyo nguruwe akikutwa nje, wa kuitwa kwanza ni afisa mifugo wa kata, kabla ya mwenyekiti na kabla ya mgambo. Naye atauliza mambo mawili: alikula nini huko alikokuwa, na alikaribiana na nguruwe wa nani. Akirudishwa atengwe peke yake, na banda lake pamoja na la jirani yaangaliwe kwa wiki mbili hadi tatu zinazofuata.